Urithi unaotumika: jengo la kale linapobaki na kazi yake

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa kale uitwao Kikufi, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Watu bado wanaswali humo. Wanatawadha, wanavua viatu, wanaingia. Hiyo ndiyo maana ya urithi unaotumika: mahali pa kale panapohifadhiwa pamoja na shughuli iliyofanya pajengwe.

Uzito uko kwenye hiyo "shughuli". Jengo la zamani linaweza kuokolewa likafanywa benki. Kuta zimepona, ila kilichokuwa kikiendelea ndani kimekwisha. Linaweza pia kufanywa makumbusho, wageni wakapita nyuma ya kamba bila kugusa. Kuliacha liendelee na kazi yake ndiko kugumu zaidi, na mimi naona ndiko kunakostahili kujaribiwa kwanza.

Mfano ninaoupenda uko Glasgow, Uskoti, namba 217 mtaa wa Sauchiehall. Mwaka 1903 Kate Cranston alifungua hapo mgahawa wa chai, Willow Tea Rooms. Enzi hizo kampeni ya kuacha pombe ilikuwa imepamba moto, na mwanamke aliyetoka bila mume au kaka hakuwa na mahali pengi pa kukaa mjini akaheshimika. Cranston aliwapa watu meza safi na birika la chai. Usanifu wote alimkabidhi msanifu majengo Charles Rennie Mackintosh: uso wa jengo, viti, vijiko, hadi magauni ya wahudumu. Mke wa Mackintosh, Margaret Macdonald, alitengeneza paneli ya plasta ya chumba cha kifahari cha ghorofani. Willow ni mwerebi, mti wa kandokando ya maji anaoutaja nabii Isaya, na jina Sauchiehall lenyewe limetokana na neno la Kiskoti la mti huohuo.

Cranston alipoondoka kwenye biashara, jengo likaja kumezwa na duka kubwa la jirani, na kwa miongo kadhaa chai haikuandaliwa tena. Mwaka 1983 ilirudi katika sehemu ya jengo, lakini jengo lenyewe liliendelea kuchakaa. Mwaka 2014 lilinunuliwa na taasisi ya hisani, likakarabatiwa, na mgahawa ukafunguliwa upya 2018, miaka 150 tangu Mackintosh azaliwe.

Hapa pana swali gumu. Kinachotumika huchakaa, na kiti cha mwaka 1903 hakiwezi kukaliwa na wageni kutwa, wiki hadi wiki. Kwa hiyo mafundi walichonga viti vipya kwa kufuata vile vya asili. Je, huo ni udanganyifu? Sidhani, mradi mgeni aambiwe wazi. Sehemu kubwa ya jengo la Kizimkazi tunaloliona leo ilijengwa upya karne ya 18, na hakuna anayeuondolea msikiti ule ukale wake. Tena viti vya Cranston vilichongwa ili vikaliwe. Kuviinua vyote juu ya majukwaa kungekuwa kumwendea kinyume mwenyewe aliyeviagiza.

Linganisha na mgahawa wake mwingine, wa mtaa wa Ingram. Huo ulibomolewa ndani mwaka 1971, mbao zikatiwa alama na kuwekwa stoo. Chumba chake kimoja, chenye kuta za mwaloni, kimeunganishwa upya katika makumbusho ya V&A Dundee tangu 2018. Ni kazi ya kusifiwa, na nashukuru mbao zile hazikuchomwa. Lakini ukiingia humo husikii kijiko kikigonga kikombe, wala huna wa kumwagiza chai.

Kubaki na kazi kuna gharama yake. Jengo la namna hii hutegemea wanunuzi: keki na chai ndizo zinazolipia paa, vioo vya rangi na mishahara. Uviko-19 ulipofunga migahawa, tegemeo hilo lilikatika ghafla, ilhali jengo halikuacha kuhitaji matunzo. Mwanzoni mwa 2024 Willow ilichukuliwa na National Trust for Scotland, shirika linalotunza makasri na nyumba za kihistoria nchini humo. Sasa wahifadhi hao wana pia jiko la kuendesha, lenye wapishi na wahudumu wake, na wateja wanaosubiri mezani.