Fenesi la Wagalatia

Familia moja ya Tabata iliniita niwasaidie kuchora picha ya sebuleni. Brashi washike wenyewe, mimi nielekeze tu. Andiko walishachagua, Wagalatia 5:22-23, na mpango ulikuwa kapu lenye matunda tisa, kila tunda na neno lake: embe upendo, nanasi furaha, papai amani, na kuendelea. Nami nikaanza kuchora kapu kwa penseli bila kuwaza sana.

Bibi alikuwa kwenye mkeka anachambua mchicha. Akaomba andiko lisomwe kwa sauti. "Lakini tunda la Roho ni upendo, furaha..." Akamkatisha mjukuu palepale. "Fundi, umesikia? Tunda. Hakusema matunda."

Nikafuta kapu. Hata katika Kigiriki cha Paulo neno hilo, karpos, liko katika umoja. Na kwa jicho la mchoraji bibi aliniokoa, maana rangi tisa kwenye ubao mdogo hugombana na mtazamaji hajui aanzie wapi.

Tukahamia kwenye fenesi. Fenesi si zao la ua moja. Ni maua mengi yaliyoshikana, na kila kipande cha njano unachokila kimetokana na ua lake. Nanasi nalo huota hivyo, ila ukilikata mipaka ya ndani haionekani vizuri. Fenesi likipasuliwa, kila kipande kinajitenga kikiwa na kokwa yake, na bado ni tunda lilelile. Tukachora nusu ya fenesi, vipande tisa.

Ubao ulikuwa hadibodi, ule ubao mwembamba wa kushindiliwa, ya futi 2 kwa 2. Shiti ya futi 4 kwa 8 hutoa vipande 8 vya namna hiyo, lakini msinunue shiti nzima, waulizeni mabaki mafundi wa silingi, yaani wa dari. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora hapa Dar mwaka 1968, naye alitumia ubao wa jamii hii na rangi za kawaida za dukani. Chini piga rangi ya maji nyeupe, mikono miwili, yaani tabaka mbili. Rangi ya mafuta hukaa juu ya rangi ya maji. Ukigeuza mpangilio itabanduka. Watoto walipaka ya maji, ya mafuta wakaachiwa wakubwa, madirisha wazi kwa sababu ya harufu ya thina.

Kosa ninaloliona kila mara ni kivuli. Mtu anatia nyeusi kwenye njano, na njano inageuka kijani cha matope; fenesi linaonekana limeoza. Tumia kahawia, kidogo kidogo. Kwenye mwanga, njano na nyeupe.

Herufi nazo zina hesabu yake. "Uvumilivu" lina herufi 9, "kiasi" 5, kwa hiyo kipande kikubwa kabisa kilipewa uvumilivu, na uandishi huanzia herufi ya katikati kwenda pembeni. Baba alianzia kushoto. U ya mwisho imebanwa ukingoni kama abiria wa daladala, na mama amekataa isirekebishwe. Kiasi alipewa kitinda mimba, ambaye alimaliza nusu ya kopo.

Fenesi lenyewe tulilokuwa tunaliangalia liliisha kabla mkono wa pili haujakauka. Kivuli cha upande wa kulia nilikielekeza kwa kukumbuka tu, vidole vikinata urimbo.