Kuchunguzwa moyo kabla ya kipimo cha mazoezi, maana yake nini hasa?

Kuna kile kipimo unapandishwa kwenye mashine ya kukimbilia au baiskeli, umebandikwa waya kifuani, halafu kasi na mwinuko, au ugumu wa kukanyaga kama ni baiskeli, vinaongezwa kidogo kidogo (kwenye mashine ya kukimbilia, ule mpangilio wa hatua uitwao Bruce unaotumika sana ni kila dakika 3) mpaka moyo ufanye kazi kwelikweli. Sasa kabla hujapanda lazima wajue kama moyo wako utahimili hiyo kazi, na huko kuangalia ndo uchunguzi wenyewe.

Sehemu kubwa ni maswali. Umewahi kuambiwa una shida ya moyo? Kifua kinabana ukitembea haraka, au hata ukiwa umekaa tu? Unakosa pumzi ukilala chali? Una kisukari, figo? Kwenye familia kuna aliyefariki ghafla akiwa bado kijana? Na umewahi kuzimia? Hili la kuzimia watu wanalipita juu juu sana, utasikia "ah ilikuwa njaa tu", lakini kuzimia katikati ya mazoezi sio kitu cha kupotezea hata kidogo, inaweza kuwa vali ya moyo imekuwa nyembamba damu haipiti vizuri, au misuli ya moyo imenenepa, au mapigo yanavurugika, na mtu anaweza kuwa nayo hayo huku anaonekana mzima kabisa. Kwahiyo hata kama ilitokea zamani sema tu.

Dawa nazo zitaje zote. Zile za presha za kundi la beta bloka zinazuia mapigo kupanda, so majibu yanaweza yasionyeshe hali halisi, ila usiziache kwa uamuzi wako, daktari ndo atakwambia uendelee au usimame kwanza.

Baada ya hapo unapimwa presha na umeme wa moyo ukiwa umetulia. Presha ikizidi 200/110 kawaida wanaahirisha mpaka ishuke. Kama umepata shambulio la moyo ndani ya siku 2, au una maumivu ya kifua yasiyotulia, au damu imeganda kwenye mapafu, hapo hupandi kabisa.

Na ukiruhusiwa haimaanishi hatari imeisha, ndo maana wanaendelea kukuangalia muda wote, presha ikianza kushuka wakati kazi inaongezeka wanaweza kusimamisha. Wewe nawe kifua kikibana au ukisikia kizunguzungu sema hapo hapo, usijikaze eti umalize dakika zilizobaki.