Soko la Pamoja na mtu wa jembe: yanayosemwa na yaliyopo

Dhana: Vibarua wa kigeni mashambani wameletwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Waulize wazee wa Tanga. Manamba, yaani vibarua wa mashamba ya mkonge, walitoka Burundi, Rwanda na Msumbiji enzi za mkoloni, na kufikia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwakusanya, SILABU. Jumuiya hii ya sasa mkataba wake ulitiwa saini 1999.

Dhana: Siku hizi Mwafrika Mashariki yeyote anaruhusiwa kuvuka mpaka akalime kwa ujira.

Itifaki ya Soko la Pamoja, makubaliano ya nchi wanachama kuhusu watu na bidhaa kuvuka mipaka, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, lakini kila nchi iliambatisha orodha ya kazi inazozifungulia milango. Orodha ya Tanzania inawalenga wataalamu wenye elimu ya juu na mafundi sanifu. Kibarua wa kupalilia hayumo. Wahasibu, wahandisi na wasanifu majengo wana mikataba ya kutambuliana sifa kati ya nchi na nchi. Mrundi anayeingia Kigoma msimu wa kilimo bila kibali akidhulumiwa ujira, atamshtaki nani? Akienda polisi, anaanza kuulizwa yeye karatasi zake. Mimi hili naliona ni pengo kubwa kuliko ushuru wote tunaobishania.

Dhana: Kulima hakuhitaji mafunzo, tumezaliwa tukiona.

Hii ndiyo inayotugharimu zaidi. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu wa nafaka, na malori yakakwama Namanga. Siku chache baadaye njia ilifunguliwa kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu haifiki mikrogramu 10 kwa kilo.

Kiwango hicho hakiamuliwi mpakani. Kinaamuliwa na mama anayeanika mahindi juu ya turubai badala ya udongo mtupu, na kijana anayepukuchua bila kuzipasua punje, maana punje iliyopasuka ndiyo kuvu wanaingilia. Kinaamuliwa pia na anayejua kwamba mahindi hayaingizwi ghalani yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo hutia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, akatikisa: chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, arudishe juani. Huo ni utaalamu kamili, na wanaoufanya wengi wao wanalipwa kwa gunia au kwa siku, bila mkataba wala cheti.

Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Ningependa kuona wanaokausha na kupanga madaraja ya mazao wakipewa cheti kwa njia hiyo, kisha nchi wanachama zikikubali kukitambua kama zinavyotambua cha mhasibu. Turubai na siku chache za mafunzo ni gharama ndogo sana mbele ya lori moja la mahindi lililorudishwa.