Unauza nyumba Uingereza na cheti cha boila hukioni? Usikimbilie kupiga simu kaunsili

Watu wetu walionunua nyumba Uingereza miaka ile wengi sasa wanauza, wengine wanarudi nyumbani, wengine wanatafuta kubwa zaidi, na mauzo yanaweza kukwama kwa karatasi moja tu ya boila, ule mtambo wa kuchemsha maji na kupasha nyumba joto. Wakili anakuletea fomu inaitwa TA6, ambayo muuzaji anajaza taarifa za nyumba yake, ndani yake unaulizwa kama kuna boila au mfumo wa kupasha joto uliofungwa tangu tarehe 1 Aprili 2005, ukijibu ndio anataka cheti, na wewe unachokumbuka ni fundi alikuja, akafunga, akalipwa, akaondoka.

Kuanzia tarehe hiyo, kwa England na Wales (Scotland wana utaratibu wao), boila mpya ya gesi ikifungwa lazima kaunsili (halmashauri ya eneo lako) ijulishwe kwamba kazi imefuata kanuni za ujenzi. Fundi aliyesajiliwa haendi kaunsili mwenyewe, anaripoti Gas Safe Register, wale wanaosajili mafundi wa gesi, ndani ya siku 30, wao ndio wanapeleka taarifa kaunsili na wao ndio wanakutumia cheti. Kwahiyo risiti ya fundi sio cheti, na ile karatasi ya ukaguzi wa kila mwaka ya wenye nyumba wanaopangisha nayo sio cheti, watu wanazichanganya sana hizi.

Sasa huna cheti. Usianze na kaunsili, ingia mtandaoni kwa Gas Safe, tafuta kwa anwani ya nyumba kama kazi iliripotiwa, ikiwepo unalipia nakala unatumiwa, imeisha hiyo. Ukikuta jina la CORGI kwenye karatasi za kabla ya 2009 usishtuke, ndio waliokuwa wanasajili mafundi wa gesi mpaka Gas Safe ilipoanza tarehe 1 Aprili 2009. Boila ya mafuta ulizia OFTEC, ya kuni au makaa HETAS, nao wanasajili mafundi wa aina hizo.

Kama haikuripotiwa kabisa, hapo kuna njia mbili. Unaweza kuiomba kaunsili irasimishe kazi, unalipa ada, wanakuja kukagua, wanaweza kutaka virekebishwe vitu, na muda unakwenda. Au unakata bima ambayo mawakili wanaiita indemniti, unailipia mara moja tu inamkinga mnunuzi, lakini kampuni ya bima itauliza kama umeshawasiliana na kaunsili kuhusu hiyo kazi na kama ulishapiga simu kwa kawaida wanakataa, ndio maana nasema ongea na wakili wako kwanza kabla hujanyanyua simu.

Ila hapa naomba mnisikilize vizuri sana. Bima hiyo inafidia hasara endapo kaunsili itachukua hatua, basi. Haizibi gesi inayovuja wala haizuii kaboni monoksidi, sumu ambayo haina rangi wala harufu, mtu kichwa kinamuuma, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, anadhani mafua kumbe anakufa taratibu ndani ya nyumba yake. Na boila ambayo haikuripotiwa inawezekana kabisa ilifungwa na kishoka! Kwahiyo hata wakili akisema bima inatosha, muite fundi wa Gas Safe aikague na akuandikie ripoti. Akifika muombe kitambulisho, mbele kuna picha na namba ya leseni, kigeuze, nyuma ndio zimeandikwa kazi anazoruhusiwa, maana kuna mwenye ruhusa ya majiko ya gesi tu na boila haimhusu. Na wewe unayenunua usipokee bima peke yake, dai hiyo ripoti.

Kama nyumba bado hujaitangaza, anza msako wa karatasi sasa hivi, kwasababu kule anayenunua kwako mara nyingi naye anauza yake kwa mwingine, ukichelewa wewe zinasimama familia tatu nne. Na kwenye TA6 usijaze kwamba cheti kipo wakati hakipo, mnunuzi akija kugundua ulimdanganya anaweza kukudai fidia hata baada ya kuhamia.