Maana ya wakfu wa jamii

Mtajie mtu wa Mafinga au Tukuyu "mfuko wa jamii", kwanza atafikiria TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Akiwa ameajiriwa atafikiria NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, na kama kaya yake ina kadi ya matibabu atafikiria CHF, Mfuko wa Afya ya Jamii. Vyombo hivyo vitatu vina maneno "mfuko" na "jamii" ndani ya majina yao, na vyote ni vya serikali. Ninachotaka kukieleza hapa ni kitu kingine, na kwa kuwa jina hilo limeshachukuliwa, mimi nakiita wakfu wa jamii.

Neno wakfu tunalo siku nyingi. Kwa Waislamu ni mali iliyofungwa: shamba, nyumba au kisima ambacho mwenyewe amekitoa kwa ajili ya Mungu, hakiuzwi wala hakirithiwi, ila mapato yake yanakwenda kwa waliokusudiwa. Zanzibar kuna hadi Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Wakristo, ambao ndio wengi huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, nao wanalisikia kanisani kila mara: mchungaji anawekwa wakfu, jengo la kanisa linawekwa wakfu, na likishawekwa halirudi kuwa ghala la mahindi. Wote tunaelewa jambo lilelile. Kilichowekwa wakfu kimetoka mikononi mwa mtu na hakirudi.

Sasa ongeza neno jamii. Wakfu wa jamii ni chombo kilichosajiliwa, cha eneo linalojulikana, iwe wilaya, mji au mkoa, kinachopokea michango ya watu wengi, wakubwa kwa wadogo. Sehemu ya michango hiyo inatunzwa kama mtaji usioguswa, na mapato yake yanagawiwa mwaka hadi mwaka kwa mahitaji ya eneo hilo. Wanaoamua nani apewe ni watu wa hapohapo.

Mkulima wa parachichi wa Njombe au Rungwe hahitaji maelezo marefu. Mche uliobebeshwa unaanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu hivi, na hakuna anayekata mti ili apate kreti moja zaidi. Changizo letu la kawaida linakata mti. Tunachanga milioni nane, tunanunua bati na misumari, zimeisha, mwakani tunaanza tena kupigiana simu. Silidharau changizo; boma la darasa lililofika lenta linataka bati sasa, halisubiri faida ya mwaka. Lakini ada ya mtoto, nauli ya mgonjwa kwenda kliniki na unga wa makao ya watoto ni mambo yanayorudi kila mwezi, na changizo halina namna ya kurudi kila mwezi.

Jambo hili lilinikaa moyoni Desemba moja, miaka kadhaa iliyopita, tulipokwenda na wenzangu wa kwaya kupeleka zawadi kwenye makao ya watoto nje kidogo ya mji wa Iringa. Tulikuwa kundi la tatu siku hiyo. Mama mlezi alitupokea kwa furaha, tukaimba, tukapiga picha. Kisha akaniomba nimsaidie kubeba katoni mpaka stoo. Stoo ilikuwa imejaa biskuti, soda, sabuni za miche zilizopangwa mpaka dirishani, na gunia la nguo zilizovaliwa ambazo hakuna mtoto pale zingemtosha. Ukutani kaunta buku ilining'inia kwa kamba. Alinifungulia kurasa za Februari na Machi. Safu ya unga ilikuwa na mistari mitupu wiki nzima, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: kukopa dukani. "Kaka yangu, Desemba tunakula kama watu wa harusini," aliniambia. "Februari hakuna anayepita hapa." Kaunta buku ile ilikuwa na miaka minne ya habari hizo, na sisi wote tuliokuwa tunaleta biskuti hatukuwahi kuomba kuiona.

Hapo ndipo kazi kubwa ya wakfu wa jamii ilipo, na kwa maoni yangu inazidi hata kutunza fedha: kujua. Mtoaji wa mbali, au hata wa Dar es Salaam mwenye asili ya Makete, anaona picha na kuguswa. Chombo kinachoishi mahali kinajua kwamba blanketi Makete linatakiwa Juni, baridi inapouma, na kwamba mtoto fulani hahitaji makao kabisa, anahitaji bibi yake asaidiwe. Hili la mwisho ni zito kwetu. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2016 na 2017 uliikuta Njombe na kiwango cha asilimia 11.4 kwa watu wazima, Iringa 11.3, Mbeya 9.3, ya juu kuliko mikoa mingi nchini. Nyuma ya tarakimu hizo kuna bibi wengi waliolea wajukuu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni, na inampa mtoto haki ya kukaa na wazazi au ndugu zake kwanza. Anayetoa kwa uangalifu humuuliza afisa ustawi wa jamii kabla ya kubeba katoni. Wakfu wa jamii ukiwa kazini, swali hilo limeshaulizwa kwa niaba ya wote.

Wazo la kuweka fedha za hisani chini ya kamati ya wenyeji lilipata umbo lake la kisasa Marekani. Mwaka 1914 Frederick Goff, mwanasheria aliyekuwa akiongoza benki mjini Cleveland, alianzisha wakfu wa kwanza wa namna hii. Kilichokuwa kikimsumbua ni wasia za matajiri. Mtu anaacha mali kwa kusudi moja, miaka inapita, kusudi linakufa, fedha zinabaki zimefungwa. Bryan Mullanphy, aliyewahi kuwa meya wa St. Louis na kufariki mwaka 1851, aliacha theluthi moja ya mali yake kwa ajili ya wasafiri waliokuwa wakipita mjini hapo kwenda kuhamia Magharibi. Baadaye uhamaji huo ukaisha, fedha zikabaki zikitafuta wasafiri. Goff akasema kamati ya watu wa mji iwe na ruhusa ya kubadili matumizi pale kusudi la mwanzo linapopitwa na wakati. Jirani zetu wa Kenya wana wakfu uitwao KCDF (Kenya Community Development Foundation) tangu 1997, inayosaidia vikundi vya wenyeji kujenga mitaji yao.

Kwenye hesabu, tuseme umoja wa wazaliwa wa wilaya moja umefikisha shilingi milioni 60 na kuziweka kwenye hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu, au kununua vipande vya UTT AMIS, yaani hisa za mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Zikileta asilimia 10, ni milioni 6 kwa mwaka. Kosa ni kugawa zote sita. Bei zinapanda, na mtaji usioongezewa unayeyuka taratibu huku ukionekana mzima kwenye karatasi. Wenye busara watagawa tatu na kurudisha tatu. Watu wa Mufindi waliopanda misindano wanalifahamu hili: unavuna kitalu kimoja, unapanda tena, vingine vinaendelea kukua. Kikoba ni kingine, kwa sababu faida yake inarudi kwa wanachama wenyewe. Faida ya wakfu inakwenda kwa mtu ambaye huenda hakuchangia hata senti.

Maafa nayo yana somo lake. Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere liliposhuka na kufukia nyumba kata ya Itezi jijini Mbeya, waliofukiwa nyumba zao walihitaji chakula na magodoro siku ileile. Mwezi wa sita baada ya msiba kama huo watu wanahitaji kodi ya nyumba, vitabu na sare, na wakati huo redio zimeshahamia habari nyingine. Chombo cha kudumu kinaweza kugawa msaada wake mara mbili: kidogo leo, kidogo baadaye.

Kuna hatari, na ni ya ujirani huohuo unaoupa wakfu nguvu. Katika umoja mmoja niliokuwa mjumbe, mwaka fulani ada tulizochanga zilikwenda kwa watoto watatu, na wawili kati yao walikuwa wa wajumbe wa kamati. Hakuna aliyeiba. Wazazi hao ndio waliokuwepo kwenye kikao, na mjane wa kijiji cha tatu hakuwa na habari kwamba kuna fomu. Tulikaa kimya wote, na mimi nikiwemo, kwa sababu ya kuoneana haya. Ndiyo maana wakfu unataka katiba inayomtoa mjumbe nje ya chumba jina la ndugu yake linapotajwa, tangazo la fomu linalobandikwa ofisi ya kijiji, kanisani, msikitini na kwenye nguzo ya sokoni, na mahesabu yanayosomwa mbele za watu na kukaguliwa na mtu wa nje. Asilimia ya uendeshaji nayo itajwe waziwazi. Mtunza vitabu lazima alipwe, na anayesema hachukui chochote mara nyingi anachukua bila kuandika.

Kisheria njia zipo. Mnaweza kuwa shirika chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, na afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri ndiye wa kuanza naye, au mkasajili bodi ya wadhamini RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ili mali iwe ya bodi na siyo ya mwenyekiti. Hilo la pili nalisisitiza. Akaunti iliyo kwa majina ya watu watatu wenye vitambulisho vyao inaweza kuwa na mgogoro siku ya kwanza mmoja wao akifariki.

Wenzetu wenye umoja wa wazaliwa hawahitaji kusubiri milioni 60. Kila changizo likipita, iwe la bati au la msiba, sehemu moja ya kumi ikatwe kabla ya kitu kingine na kununuliwa vipande kwa jina la wadhamini, na katibu abandike risiti kwenye kundi la WhatsApp siku hiyohiyo. Kisha atumwe mtu, mwezi wa pili, akaombe kuona kaunta buku.