Maji Ndiyo Yaliyochora Barabara: Njia ya 66 katika Jangwa la Mojave

Kazi yangu hapa Bagamoyo ni kuchunguza njia za kale: zilipita wapi, kwa nini zilipita hapo, na ni kitu gani kimesalia ardhini cha kuthibitisha hivyo. Kwa sababu hiyo vijana wanaoongoza watalii mjini huniuliza mara kwa mara kuhusu Njia ya 66 ya Marekani, ambayo wageni wao huitaja kwa mapenzi makubwa, na baadhi yao hutaka kujua kama njia yetu ya misafara, kutoka hapa hadi Ujiji, inaweza siku moja kusafiriwa kwa namna hiyo hiyo. Nitaeleza kipande kimoja tu cha barabara hiyo, kile kinachokatiza jangwa la Mojave kati ya Barstow na Needles katika jimbo la California. Ndicho kinachofundisha zaidi, na watu wengi hukisafiri wakati wa kiangazi, msimu ambao jangwa hilo halina huruma hata kidogo.

Historia ya jumla inajulikana, nami nitaipitia haraka. Njia ya 66 ilianzishwa rasmi Novemba 1926 ili kuunganisha Chicago na Los Angeles, mwendo wa karibu kilomita 3,900. Ilikamilika kuwekwa lami mwaka 1938, na ikaondolewa katika orodha ya barabara kuu za taifa mwaka 1985. Katika miaka ya 1930 ndiyo iliyowachukua wakulima waliokimbia ukame na vumbi la nyanda za kati kwenda kutafuta kazi California.

Jambo ambalo wasafiri wengi hawalioni, ingawa liko mbele ya macho yao, ni kwamba barabara hiyo ya jangwani ilichorwa na maji. Waliotangulia kulikatiza jangwa hilo walikuwa wenyeji wake, Wamojave, waliotembea kutoka chemchemi moja hadi nyingine. Baadaye, mwaka 1883, ikaja reli, na kwa kuwa injini za mvuke hazikuweza kwenda mbali bila kujazwa maji, vituo vilipangwa kimoja baada ya kingine jangwani na kupewa majina kwa kufuata alfabeti: Amboy, Bristol, Cadiz, Danby, na kuendelea hivyo kuelekea mashariki. Magari yalipofika, barabara ikaambatana na reli, kwa sababu penye kituo palikuwa na watu, na penye watu palikuwa na maji, hata kama maji yenyewe yaliletwa kwa mabehewa.

Msomaji wa hapa kwetu hatashangazwa na hayo. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipangwa kwa hesabu hiyo hiyo. Mpwapwa palikuwa mahali pa kupumzika na kujaza vibuyu kabla ya kuikabili Marenga Mkali, nyika kavu iliyowatenganisha wasafiri na Ugogo, na mbele zaidi kulikuwa na Mgunda Mkali kabla ya kufika Unyamwezi. Katika sehemu kama hizo kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, aliamuru msafara uterekeze: wapagazi walipika na kunywa asubuhi penye maji, wakaondoka jua likiwa limepita utosini, wakatembea hadi usiku, wakalala bila maji, kisha wakaamka kabla ya alfajiri ili wayafikie maji mengine jua halijawa kali. Madereva wa Mojave wa miaka ya 1930 walifikia uamuzi unaofanana na huo bila ya kufundishwa na mtu: walisubiri jua lizame, wakavuka usiku.

Walikuwa na sababu nzuri, kwa kuwa magari yao yalikuwa na kiu kuliko wao wenyewe. Rejeta za wakati huo hazikufungwa kwa shinikizo kama za leo, hivyo maji yake yalichemka mapema, hasa gari lilipopanda mwinamo polepole huku upepo ukivuma kutoka nyuma na kuinyima rejeta hewa. Ndiyo maana katika picha za zamani utaona mfuko wa turubai umening'inizwa mbele ya gari. Mfuko huo ulijazwa maji, yakapenya kidogo kidogo kwenye nyuzi zake, na upepo wa mwendo ukayakausha yale ya nje huku yale ya ndani yakipoa, sawa na yanavyopoa maji ndani ya mtungi wa udongo uliowekwa kivulini. Maji hayo yalinyweshwa watu na rejeta kwa pamoja. Mahali pengine safarini maji yaliuzwa, lakini Essex, kimojawapo cha vituo vya mashariki ya Amboy, ilijipatia sifa kwa kisima kilichotoa maji bure kwa wasafiri.

Gari la leo halichemki kirahisi hivyo, lakini mwili wa binadamu haujabadilika. Sisi watu wa pwani tunadhani tunalijua joto, na hapa ndipo hatari ilipo. Joto la Bagamoyo ni la unyevu; jasho hubaki mwilini, nguo hulowa, nawe hupata taarifa mapema. Kule Needles, ambako Julai mchana hupita nyuzi joto 40 kama jambo la kawaida, jasho hukauka kabla hujalihisi, ngozi hubaki kavu, na mtu huendelea kupoteza maji akidhani yuko salama. Kipimo kinachoshauriwa ni karibu lita 4 za maji kwa kila mtu kwa siku, mbali na akiba ya gari. Ukiharibikiwa, kaa karibu na gari. Kutembea kutafuta msaada mchana ndiko kunakoua watu. Na kamwe usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa bado ya moto.

Amboy ndipo ninapowashauri watu wakae zaidi. Moteli ya Roy's ilianza hapo mwaka 1938, na bango lake refu jekundu na jeusi, lililosimamishwa mwaka 1959, huonekana kutoka mbali sana kwenye tambarare. Wengi hupiga picha ya bango na kuondoka. Ningewaomba wageuke waitazame Bristol, ziwa kavu lililo kusini, ambako chumvi huchimbwa kwenye mitaro mirefu, kwa maana hilo ndilo linaloeleza kwa nini maji ya chini ya ardhi ya Amboy ni ya chumvi na maji ya kunywa yalilazimika kuletwa kwa garimoshi. Magharibi kidogo kuna kilima cha volkano chenye kimo cha mita 75 hivi. Wakati wa kiangazi, kilima hicho kiangalie ukiwa barabarani tu.

Mashariki ya Amboy barabara inapita ubavuni mwa mteremko, milima ikiwa upande mmoja na bonde upande wa pili. Mvua kubwa za kiangazi, zinazonyesha kati ya Julai na Septemba, hutuma maji kutoka milimani kwa ghafla, hata pale ambapo juu yako mbingu ni nyeupe. Wajenzi wa zamani waliweka madaraja madogo ya mbao, zaidi ya 100 katika jangwa hilo, na kando ya barabara wakainua matuta ya udongo ya kuyaongoza maji hadi kwenye kila daraja. Shuka garini uyatazame. Juu ya matuta hayo wasafiri wamepanga mawe kuandika majina yao, na chini yake utaona alama za mkondo. Mafuriko yamekwisha kuvunja baadhi ya madaraja hayo, na vipande vya barabara vimefungwa kwa vipindi virefu, hivyo ulizia hali ya njia kabla ya kuondoka Barstow.

Miji ya kando ya barabara hiyo ya jangwani ilikufa mwaka 1973, barabara kuu mpya ya namba 40 ilipofunguliwa kaskazini na kuyachukua magari yote. Bagamoyo inalijua pigo hilo: reli ya kati iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914 ilimaliza kazi ya wapagazi. Njia yetu iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, ikitajwa pamoja na Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, na ni haki isimuliwe kwa uchungu wake wote, kwa sababu pamoja na pembe za ndovu walipitishwa humo watu waliotekwa.

Kwa vijana walioniuliza, jibu langu ni kwamba inawezekana, na kazi ianzie kwenye maji. Kabla ya mabango na migahawa, twende Mpwapwa na Kilimatinde tukawasikilize wazee, tuweke kwenye ramani kila kisima na kila chemchemi ambayo misafara iliitegemea, kisha tuchore safari ya gari kwa kufuata vituo hivyo, nje ya msimu wa masika, kwa kuwa bonde la Mkata lililowakwamisha wapagazi bado hujaa maji.