Birr ilipoporomoka, mgeni ndiye aliyeumia zaidi

Mwaka 2023 nilikuwa Addis Ababa kikazi, na muuza kahawa mmoja mtaa wa Piassa alikuwa na simu ya laini mbili. Nilipomwomba namba akanipa inayoanza na 09, ya Ethio telecom. Ile ya 07, ya Safaricom, aliiweka kwa ajili ya bando la intaneti tu. "Mama yangu na wateja wangu wote wako 09," akaniambia. Kazi yangu ni kusoma hesabu za kampuni za simu, na sentensi hiyo ilinifaa kuliko majedwali mengi niliyokuwa nimebeba.

Wakenya tumezoea kuiona Safaricom kama jabali lisilosukumika. Ukivuka mpaka wa Moyale kuingia Ethiopia, mambo yanageuka. Kule jabali ni Ethio telecom, kwa sehemu kubwa mali ya serikali, na kufikia katikati ya 2024 ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 78. Safaricom na washirika wake walilipa dola milioni 850 kwa leseni mwaka 2021, wakafungua huduma Addis Oktoba 2022. Leseni ile haikuruhusu huduma za pesa. Telebirr, huduma ya pesa kwa simu ya Ethio telecom, ilikuwa imeshaanza Mei 2021. M-PESA ilisubiri hadi Agosti 2023, baada ya kulipiwa dola milioni 150 nyingine. Miaka miwili na zaidi ya kuachwa nyuma kwenye pesa za simu ni mingi mno, kwa sababu mtu huenda alipo wakala na alipo yule anayemtumia pesa.

Kisha likaja la birr. Tarehe 29 Julai 2024 Ethiopia iliiachia sarafu yake ijitafutie bei sokoni. Dola iliyokuwa birr 57 hivi ilipita 100 katika wiki chache, na mwisho wa mwaka ilikuwa imepita 120.

Hebu tuusogelee mnara mmoja. Antena, redio, nyaya za faiba, betri za kushika umeme ukikatika: karibu vyote vinaagizwa nje na kulipwa kwa dola. Mzigo wa dola milioni moja ulihitaji birr milioni 57 kabla ya Julai. Miezi mitano baadaye, zaidi ya milioni 120. Yule muuza kahawa naye ananunua bando kwa birr zile zile anazopata kwa vikombe vyake. Kampuni ikipandisha bei peke yake, atarudi 09 kwa kubonyeza kidole, maana laini zote mbili ziko kwenye simu moja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema wote waliumia sawa. Ethio telecom nayo hununua mitambo nje, kwa hiyo iliumia. Lakini sehemu kubwa ya mtandao wake ilikuwa imeshasimama, na gharama yake inagawanywa kwa mamilioni ya wateja. Mgeni alikuwa bado anajenga: kila mji mpya aliotaka kuufikia ulimdai dola zilizokuwa zimepanda bei, kabla mteja wa kwanza wa mji huo hajaweka salio.

Kuna pigo jingine ambalo wenye hisa za Safaricom Nairobi waliliona vizuri. Kabla ya Julai, birr moja ilikuwa ikiingia vitabuni kama shilingi mbili za Kenya na ushee. Kufikia Desemba ilikuwa karibu shilingi moja. Novemba 2024 faida ya nusu mwaka ya kundi zima ilitangazwa imeshuka, ilhali biashara ya Kenya ilikuwa imekua.

Kwangu mimi, kuondoka Ethiopia kwa sababu hiyo kungekuwa kosa kubwa. Nchi ina watu zaidi ya milioni 100 na vijana wake wana njaa ya data. Kwa hiyo ripoti mpya ikitoka, naanza na mambo mawili kabla ya faida: gharama ngapi zimehamishwa kutoka dola kwenda birr, na wangapi wenye laini mbili wameanza kutoa namba ya 07 wanapoombwa.